Filamu ya wanyamapori inayomsahau mwenye shamba

Watu wakisikia natengeneza filamu za uhifadhi wanawaza simba anakimbiza nyumbu, jua linazama, mzungu anasimulia kwa sauti nzito. Kwa kumvuta mtalii iko poa, sikatai, ila ipeleke kijiji kinachopakana na hifadhi, ambako tembo wamepita juzi na mahindi ya mtu yote, watakuangalia tu wakijiuliza huyu katumwa na nani.

Na huu mtindo wa kuwatoa watu kwenye picha ni wa zamani. Mjerumani mtaalamu wa wanyama, Bernhard Grzimek, na mwanae Michael walizunguka Serengeti na ndege iliyopakwa mistari ya pundamilia wakihesabu wanyama kutokea angani, filamu yao ya 1959 ikachukua Oscar mwaka uliofuata. Michael hakuiona ikitoka, alikufa Januari 1959 kwenye ajali ya ndege hiyohiyo, kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Kazi yao ilisaidia sana, Ulaya ikaijua Serengeti. Lakini mwaka huohuo wa 1959 Wamasai walikuwa wanahamishwa kutoka Serengeti kwenda Ngorongoro, na picha iliyobaki vichwani mwa watu wa nje ni nyika ya wanyama tu, mchungaji hayumo. Filamu nyingi mpaka leo zinaangalia kwa jicho lilelile.

Mi huwa naanza na tatizo la mtu. Chukua uzio wa mizinga ya nyuki wa kuzuia tembo wasiingie shambani, ule ambao Dk. Lucy King ameufanyia utafiti kule Sagalla jirani na Tsavo Mashariki, Kenya. Ukiuelezea kwa maneno unachosha: mizinga inaning'inizwa kila baada ya mita 10 hivi, inaunganishwa na waya, tembo akigusa waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka. Kwenye filamu hiyo ni stori tayari, kuna usiku, kuna mama anakesha shambani na tochi, kuna mnyama wa tani kadhaa anakimbia kadudu, watu wanacheka na wakishacheka wanaanza kuuliza, waya bei gani, asali anauza nani, je nyuki wasipoingia? Hilo la nyuki kutoingia liweke kwenye filamu usilifiche, kipindi cha ukame mizinga mingi inakaa tupu na wakulima wanalijua hilo kabla yako.

Sauti ina umuhimu kuliko picha, hasa ukionyesha nje na projekta, jenereta inanguruma, watoto wanapiga kelele. Subtaito sahau, wazee wengi hawatazisoma gizani, tafuta msimuliaji wa palepale anayeongea kama wao. Dakika 15 zinatosha, muda unaobaki waachie watu waongee na hakikisha afisa wanyamapori wa wilaya yupo, maana lazima mtu ataulizia kifuta jasho, ile pesa ya serikali kwa aliyeharibiwa mazao na wanyama, kinalipwaje, na wewe mwenye kamera huna jibu.

Halafu kuna vitu sionyeshi kabisa. Bei ya pembe za ndovu, maana ukiitaja ushaitangazia biashara. Namna mtego unavyotegwa. Na faru simpigi picha nikaacha nyuma yake mlima au mti unaotambulika, majangili wasijue alipo, lokesheni kwenye simu nazima kabla ya kuposti chochote, na shoti ya hivyo ikipenya naikata kwenye kuediti hata kama ndo kali kuliko zote.