Elimu kwa umma: maelezo ya mfumo wako yajitosheleze, wakala wa akili mnemba hana wa kumuuliza

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la maunganisho ya mifumo yamebadilika sura. Zamani mtoa huduma alilalamika kwamba API, yaani njia ya mfumo mmoja kuwasiliana na mwingine, haipatikani. Siku hizi barua zinasema "akili mnemba imekosea": imetuma ombi la malipo mara mbili, imesajili mteja kwa namba isiyo yake, imemwambia mwananchi amelipa ilhali hajalipa. Tukifungua kumbukumbu za seva, mara nyingi tunakuta wakala, yaani programu ya akili mnemba inayotenda kazi kwa niaba ya mtu, alifuata maelezo ya mfumo aliyopewa. Maelezo ndiyo mabovu.

Tunaelewa kwamba hakuna anayefanya hivi kwa makusudi. Maelezo mengi yaliandikwa kwa ajili ya mhandisi ambaye akikwama hupiga simu. Wakala husoma jina la zana (kazi ya mfumo anayoweza kuiita), maelezo yake na vigezo vyake, yaani taarifa za kujaza, kisha anachagua. Tangu kampuni ya Anthropic ilipotoa MCP, itifaki ya kuunganisha mawakala na mifumo, Novemba 2024, kuwaunganishia mawakala zana si kazi kubwa tena, na wapo waliogeuza faili lao la OpenAPI, linaloeleza API yao kwa wahandisi, kuwa orodha ya zana bila kugusa hata mstari mmoja.

Penye madhara zaidi ni kwenye vitambulisho. Namba ya Utambulisho wa Taifa ya Tanzania ina tarakimu 20. Ukiitangaza kwenye skima, yaani orodha ya vigezo na aina zake, kuwa ni namba, programu nyingi, za JavaScript zikiwamo, hazihakikishi usahihi wa namba kamili inayozidi 9,007,199,254,740,991, ambayo ina tarakimu 16 tu. Tarakimu za mwisho zinabadilika kimyakimya, hakuna kosa linaloonyeshwa, na ombi linaondoka likiwa na utambulisho usio wa mteja. Itangaze kuwa matini (maandishi, si namba ya hesabu) ya tarakimu 20 bila vistari, useme kwamba nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, na uweke mfano wa kubuni. Namba ya simu nayo ni matini, la sivyo sifuri ya mwanzo itapotea. Sema kama unataka ianze na 0 au 255, na kama alama ya kujumlisha inakubalika. "Weka namba sahihi ya simu" si maelezo.

Kuna suala la saa, ambalo miongozo iliyoandikwa ughaibuni haiwezi kukusaidia. Mwananchi akiandika "niwekee miadi kesho saa 3", anayemhudumia dirishani anajua ni 09:00. Wakala aliyekuta kigezo kinachosomeka "muda wa miadi" anaweza kutuma 03:00 au 15:00, na mfumo ukaipokea. Andika kwamba muda unatumwa kwa mpangilio wa kimataifa wa tarehe na saa, ISO 8601, pamoja na +03:00 ya saa za Afrika Mashariki, kwamba saa 3 asubuhi ni 09:00, na kwamba mtumiaji asipotaja asubuhi au usiku, wakala amuulize kwanza.

Kwenye malipo, jibu la kwanza la mifumo mingi ya simu lina maana moja: ombi limepokelewa. Matokeo huja baadaye, mteja akishaweka namba ya siri au akighairi. Ukiandika tu kwamba jibu lenye msimbo 0 ni "imefanikiwa", usishangae wakala akitangaza kwamba fedha zimeingia. Eleza pia cha kufanya jibu likichelewa: aulize kwanza hali ya muamala kwa namba ileile ya kumbukumbu, asitume ombi jipya. Ujumbe wa kosa utaje kigezo chenye tatizo, kilichotarajiwa, na kama kurudia kunafaa. RFC 9457, waraka wa viwango vya intaneti wa 2023, imeweka muundo wa ujumbe wa namna hiyo. "Hitilafu imetokea, jaribu tena" ni mwaliko wa kurudia bila kikomo.

Tunaulizwa mno kuhusu lugha. Kiswahili kinafaa. Kisichofaa ni mtu mmoja kuitwa mteja kwenye zana hii, mlipaji kwenye ile na mwombaji kwenye nyingine. Na tafadhali, kuandika kwa herufi kubwa "USIFUTE KUMBUKUMBU" si ulinzi. MCP ina alama za kuonyesha kwamba zana inasoma tu au inaweza kuharibu, lakini ni dokezo. Ruhusa huwekwa kwenye seva. Jambo hili tumelieleza mara nyingi.

Kuhusu uwajibikaji, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inawabana wakusanyaji na wachakataji wa taarifa. Wakala hapelekwi mahakamani. Kufichua taarifa binafsi kinyume cha sheria kunamweka mtu kwenye faini ya kuanzia shilingi 100,000 hadi 20,000,000, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni, faini ni kuanzia shilingi 1,000,000 hadi 5,000,000,000. Sheria pia inampa mhusika haki kuhusu uamuzi unaofanywa na mitambo peke yake. Kama kosa lako linaangukia huko ni suala la Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na mahakama, na makala haya si ushauri wa kisheria.

Anayeleta lalamiko aambatanishe namba ya kumbukumbu ya ombi, muda pamoja na tofauti ya saa za eneo, ombi na jibu vikiwa vimefichwa taarifa binafsi, na toleo la maelezo ya zana lililokuwa hewani siku hiyo. Toleo lililorekebishwa baada ya tukio halipokelewi. Picha ya skrini ya mazungumzo na wakala peke yake haitoshi, hata ikiwa na muhuri wa kampuni.