"Mbilikimo" si jina la kabila: dhana potofu kuhusu majina ya jamii za asili

Karibu kila taarifa ya shirika ninayopewa kuihariri hapa Kigoma, ikigusa Watwa wa Burundi au Wambuti wa msitu wa Ituri, Kongo, hunirudia mteja akiwa amekata jina nililoandika na kurudisha lile lile: mbilikimo. Hoja yake haibadiliki, kwamba hicho ndicho Kiswahili, limo kwenye kamusi na halimtukani mtu. Kuwamo kwenye kamusi kunathibitisha kuwa neno limetumika; hakuthibitishi kuwa anayeitwa hivyo ameliridhia. Neno hilo hutaja kimo peke yake, tena huwatia katika fungu moja Watwa, waliosifika kwa ufinyanzi, na Wambuti wa msituni, ambao ni jamii nyingine kabisa. Mwaka 1906 Ota Benga, kijana kutoka Kongo, aliwekwa pamoja na orangutani katika kizimba cha bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na kibao kikawaeleza watazamaji kimo chake: futi 4 na inchi 11. Jirani zetu wametutangulia, kwani Katiba ya Burundi ya 2005 iliwatengea Watwa viti vitatu bungeni na vitatu katika Seneti, ikiwataja kwa jina lao. Rwanda ni habari nyingine, maana huko nyaraka rasmi hazitaji makabila. Nitarudia hata nikichosha: andika jina wanalojiita wenyewe, kisha mahali wanapoishi.

Wapo pia wanaosema kwamba Waafrika sote ni wazawa, hivyo "jamii za asili" hazipo kwetu. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu haiulizi nani alitangulia kufika. Hutazama jamii inavyojitambulisha, inavyoitegemea ardhi yake na inavyobaguliwa. Mei 2017 Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha, iliwatambua kuwa jamii ya asili Waogiek, wawindaji na warina asali wa Msitu wa Mau, Kenya. Muha wa Kasulu ni mzawa, sibishi, lakini hakuna anayesema kilimo chake si matumizi ya ardhi, kama wanavyoambiwa wanaoishi kwa kuwinda na kurina asali.

"Watindiga" ni jina la kubandikwa. Hao wa Ziwa Eyasi ni Wahadzabe. "Wahindi Wekundu" ni kosa la Columbus la 1492, aliyefika Amerika akidhani ni Bara Hindi, basi andika jina la jamii yenyewe, kama Wanavajo au Walakota. "Waeskimo" wa Kanada ni Wainuiti, ila Wayupik wa Alaska usiwaite hivyo, kwa kuwa wao si Wainuiti.