Elimu kwa umma: Usimalizane barabarani kabla hujajua umeumia kiasi gani

Mama mmoja mkazi wa Nzuguni, hapa Dodoma, alifika ofisini kwetu akitembelea fimbo. Miezi minane kabla ya hapo, pikapu ilimgonga karibu na stendi ya Nanenane. Dereva hakukimbia. Alimpeleka kituo cha afya, akalipia picha na dawa, akampa shilingi 150,000, na wote wawili wakatia saini karatasi mbele ya mjumbe kwamba wamemalizana. Mfupa ukaunga vibaya. Siku anafika kwetu, mkononi alikuwa na karatasi ile tu: hana PF3 (fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi), hana namba ya jalada, hana mchoro wa ajali. Tulipoingiza namba ya pikapu kwenye mfumo wa kuhakiki bima, bima yake ilikuwa hai siku aliyogongwa.

Sisi tunaoshughulikia malalamiko ya bima Kanda ya Kati tunakutana na mambo ya namna hii mara kwa mara, na yanatuumiza. Mara nyingi dereva si mtu mbaya wala majeruhi si mjinga. Wamesikilizana kiungwana, tatizo ni kwamba wamesikilizana mapema mno, siku ambayo hata daktari hajui kama mguu utapona.

Magari yaliyogongana yasisogezwe kabla ya polisi kufika, isipokuwa kwa ajili ya kuokoa maisha. Askari wa usalama barabarani atapima na kuchora mchoro wa ajali, atachukua maelezo ya mashahidi, na magari yatakaguliwa na mkaguzi, ambaye matokeo yake huandikwa kwenye PF93. Upelelezi ukikamilika, taarifa ya polisi hutolewa kwenye PF90. Majeruhi anapewa PF3, ambayo daktari hujaza majeraha aliyoyaona. Chukua namba ya jalada siku hiyohiyo, na kila fomu itoe nakala ubaki nayo. PF3 haiuzwi. Na majeruhi aliye katika hali ya dharura anatibiwa kwanza, ndugu wanafuata fomu kituoni huku yeye yuko mikononi mwa wauguzi. Kumlaza mtu kwenye bajaji nje ya kituo cha polisi huku damu inamtoka, eti "tunasubiri PF3", ni kosa ambalo watu wanaendelea kulifanya, na linaua.

PF3 inaonyesha jeraha la siku ya kwanza. Haisemi utabaki na ulemavu gani. Ndiyo maana madai ya kuumia yanahitaji pia ripoti ya daktari baada ya matibabu, yenye kiwango cha ulemavu wa kudumu kwa asilimia kama upo. Hapo ndipo unapoweza kuzungumzia fidia ya matibabu, kipato ulichokosa, na maumivu. Risiti za dawa, nauli za kwenda hospitali, barua ya mwajiri au ushahidi wa biashara yako, vyote tunza. Genge la nyanya pale Majengo ni biashara na lina kipato, usiache kulitaja kwa kuona aibu.

Sasa suala la faini, ambalo nalieleza karibu kila siku. Faini anayotozwa dereva mahakamani si fidia yako. Inaingia serikalini. Mahakama ikimkuta na hatia kwa kuendesha kwa uzembe, wewe hujalipwa hata senti, na hakuna anayekuhujumu. Unachopata pale ni nakala ya hukumu, na hiyo ni ya thamani, kwa sababu kampuni ya bima itaiomba pamoja na PF90, PF93, mchoro, PF3 na ripoti ya daktari. Ile faini ya papo kwa papo nayo, shilingi 30,000 kwa kila kosa, au 10,000 kwa bodaboda na bajaji, haihusiani kabisa na mguu wako. Deni lake linasoma kwenye namba ya gari, kwa hiyo anayenunua gari ahakiki deni hilo kabla hajalipa, kisha abadilishe jina kwenye kadi. Tunao watu walioitwa mahakamani kwa ajali za magari waliyoyauza zamani.

Madai yanapelekwa kwa kampuni iliyolikatia bima gari lililosababisha ajali. Kutoona stika kwenye kioo si ushahidi kwamba bima haipo. Stika siku hizi ni ya kielektroniki, na uhakiki unafanyika kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), hata kwa simu yako. Pikipiki nayo inapaswa kuwa na bima.

Bima ndogo inamlinda mtu wa tatu, yaani mwingine aliyepata madhara kwa gari hilo, haimlipi dereva aliyesababisha ajali wala kutengeneza gari lake. Dereva wa lori la mahindi kutoka Kibaigwa aliyeumia akiwa kazini aangalie Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mwajiri wake ndiye mwenye wajibu wa kutoa taarifa. Kwa abiria wa mchomoko, yaani gari binafsi linalobeba watu kwa nauli, nasema kwa tahadhari: gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi likabeba watu kwa nauli, kampuni inapata hoja ya kupinga madai. Nauli nafuu ya kwenda Morogoro isikufanye usahau hilo.

Kama majeruhi amefariki, ndugu wasigawane kazi ya kudai. Kikao cha ukoo kikae, muhtasari uandikwe, cheti cha kifo kipatikane, na mahakama imthibitishe msimamizi wa mirathi. Huyo ndiye anayezungumza na kampuni.

Kampuni ikikataa au ikikaa kimya, andika barua ya malalamiko, kisha fika TIRA, ambayo makao yake makuu yako hapa Dodoma, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Huduma hizi hazihitaji kishoka. Wale wanaozunguka wodini wakiomba saini ili "wakufuatilie" malipo, wengi wao wanajilipa wao kwanza. Na usisaini hati ya kukiri malipo kamili kabla hujaisoma yote, maana ukishasaini umefunga madai. Kesi ya kudai fidia ya madhara ina ukomo wa miaka 3 kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Usikae ukisubiri kesi ya trafiki iishe ndipo uanze kuhesabu.

Yule mama wa Nzuguni bado yuko ndani ya muda. Tumemwelekeza kituoni, jalada limefunguliwa, na kituo cha afya kimekuta jina lake kwenye rejista ya siku ile. Dereva amekubali kutoa maelezo. Mchoro wa ajali hautapatikana.