Baridi ya Julai, wazee wetu na mafuta ya kahawia

Kila Juni na Julai, wazee wa Ngaramtoni, Ilboru na sehemu nyingine za Arusha zilizopanda kuelekea Mlima Meru huvalishwa sweta mbili, kofia na shuka juu yake, na bado mikono yao ni ya baridi. Watoto wao huuliza: damu imepungua? Mara nyingi jibu ni kwamba mwili wenyewe umepunguza kutengeneza joto.

Mtoto mchanga hawezi kutetemeka vizuri, kwa hiyo huzaliwa na mafuta ya kahawia mgongoni katikati ya mabega, shingoni na kuzunguka figo. Haya si mafuta ya kitambi. Seli zake zimejaa mitokondria, yaani vijisehemu vya seli vinavyotengeneza nishati, zenye madini ya chuma, ndiyo maana ya rangi ile, na zina protini inayogeuza nishati ya chakula moja kwa moja kuwa joto. Zamani iliaminika kwamba ukubwani hayana kazi tena, hadi mwaka 2009 tafiti zilipothibitisha kwamba watu wazima wengi bado wanayo, hasa shingoni na juu ya mitulinga. Ila umri ukisogea, hupungua.

Je, mazoezi huyarudisha? Kwa panya kuna dalili nzuri. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walieleza homoni ya irisini, inayotoka kwenye misuli inayofanya kazi na kuyafanya mafuta meupe yafanane na ya kahawia. Kwa binadamu mambo hayajanyooka hivyo: wanariadha wa mbio ndefu waliopimwa hawakukutwa na mafuta ya kahawia yenye nguvu kuliko watu wengine. Anayekuuzia vidonge vya "kuamsha mafuta ya kahawia" usimpe hela yako.

Faida kubwa ya mazoezi kwa mzee iko kwenye misuli. Misuli ikifanya kazi, takriban robo tatu ya nishati inayotumia hutoka kama joto, na hata kutetemeka ni kazi yake. Misuli hupungua kwa uzee, na kukaa tu huharakisha upungufu huo. Hapa ndipo sisi watoto tunapokosea. "Mama, kaa, tutafanya wenyewe," tunasema kwa heshima, na mama anakaa kibarazani tangu asubuhi hadi jioni.

Mwache achume mboga. Atembee mpaka kwa jirani jua likishatoka. Asimame na kukaa kwenye kiti mara kumi bila kushika, na mtu awe karibu. Siku mbili au zaidi kwa wiki anyanyue dumu dogo lenye maji kiasi anachokiweza. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo aanze kwa ushauri wa daktari, taratibu, akiwa ameshapata joto.

Usiku msimwekee jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Hewa yake huua bila harufu. Na mzee wa baridi aliyelegea, maneno mazito, ambaye hata hatetemeki tena, huenda joto lake limeshuka chini ya nyuzi 35. Mfunikeni, mpelekeni hospitali usiku huohuo.