Dubu wa Windhelm si Dubu wa Skyrim: Jinsi ya Kusoma Nembo za Makundi Kwenye Magemu

Swali ninaloulizwa zaidi na wacheza magemu linahusu dubu aliye kwenye bendera ya waasi katika gemu la Skyrim, nalo ni fupi: "Yule dubu anamaanisha nini?" Anayeuliza huwa ana jibu lake tayari: nguvu, ujasiri, ukali. Mimi nachora nembo za makundi kwa ajili ya magemu, na historia ya ngao na bendera ndiyo iliyonifundisha kazi. Jibu hilo haliniridhishi hata kidogo. Mnyama yeyote mwenye meno unaweza kumwita nguvu. Cha kuuliza ni nani kaibeba nembo hiyo, kaipata wapi, na kwa kuibeba anadai nini.

Turudi Ulaya kidogo, maana ngao nyingi za magemu ya fantasia zimetoka huko. Kwenye kitambaa cha Bayeux kilichotariziwa vita vya Hastings vya 1066, Mtawala William wa Normandy anaonekana akiinua kofia yake ya chuma ili askari wake wamwone uso, wajue yu hai. Ngao zilikuwa na michoro, lakini mchoro ulikuwa bado haujawa utambulisho wa mtu na ukoo wake. Karne ya 12 ndiyo iliyobadili mambo. Geoffrey wa Anjou, aliyefariki 1151, amechorwa kwenye bamba la kumbukumbu yake huko Le Mans akiwa na ngao ya buluu yenye simba wa dhahabu. Mjukuu wake, William Longespée, akaja kubeba simba walewale. Hapo nembo ikawa kitu cha kurithiwa, na kinachorithiwa hugombaniwa.

Tazama alichofanya Edward III wa Uingereza. Mwaka 1340 alichukua mayungiyungi ya dhahabu ya wafalme wa Ufaransa akayaweka kwenye ngao yake pamoja na simba zake, kwa hoja kwamba kupitia kwa mama yake kiti cha enzi cha Ufaransa ni haki yake. Kiti chenyewe hakukipata. Calais ikapotea 1558, mayungiyungi yakabaki. Ufaransa ikamuua mfalme wake 1793, mayungiyungi bado yapo. Yaliondolewa 1801. Miaka 461 ya dai lililochorwa kwenye ngao!

Ukishaelewa hilo, Skyrim, gemu la Bethesda la 2011, unaliona kwa jicho jingine. Nchi ya ndani ya gemu, nayo inaitwa Skyrim, ina majimbo tisa, kila moja na nembo yake. Whiterun wana farasi, Solitude mbwa mwitu, Falkreath kulungu, Markarth kondoo dume. Dubu ni wa Windhelm. Sasa Ulfric Stormcloak, mtawala wa Windhelm, anaasi dhidi ya Dola inayoitawala Skyrim na kutangaza kwamba anaipigania Skyrim nzima, lakini bendera anayoiinua ni ya dubu wa kwao. Hakutafuta alama ya majimbo yote tisa. Mkulima wa Whiterun anaambiwa akafie uhuru wake chini ya mnyama wa jirani. Kwa hiyo kabla hujaingia Windhelm ukaona Wadunmer, watu wa jamii ya elfu weusi, walivyobanwa kwenye mtaa wao, na Waargonia, watu-mijusi, walivyozuiwa kule bandarini nje ya ukuta, bendera ilishakudokeza "sisi" ya Ulfric inaishia wapi.

Na upande wa pili hawajasalimika. Joka, nembo ya Dola, linatokana na Akatosh, mungu-joka wa wakati, na agano lake na Alessia, malkia wa kwanza wa Dola. Wafalme wa ukoo wa Septim walikuwa na damu ya joka, basi walikuwa na haki ya kulivaa. Ukoo huo ulikatika na Martin Septim mwishoni mwa Oblivion, gemu la mfululizo huohuo lililotoka 2006. Katika Skyrim imepita miaka 200 hivi, anatawala Titus Mede II asiye na damu hiyo, na joka bado liko kwenye vifaa vya jeshi lake. Ni mayungiyungi ya Edward tena. Mwenye damu ya joka ni wewe mchezaji, uliyeanza gemu ukiwa mfungwa unayepelekwa kukatwa kichwa na askari wa joka hilohilo. Naiona kuwa moja ya kazi bora za nembo zilizowahi kufanyika kwenye magemu, na wengi hupita mbele yake wakikimbilia mapangoni.

The Witcher nayo imefanya jambo la karibu. CD Projekt Red ni kampuni ya Poland, na ufalme wa Redania una tai wa fedha kwenye uwanja mwekundu. Tai mweupe ndiye alama ya ufalme wa Poland tangu Przemysł II alipotawazwa 1295. Huyo tai wa nyumbani, kwenye The Witcher 3 ya 2015, kabebwa na Radovid V, mfalme mkatili anayewawinda wachawi. Adui aliyevamia, Nilfgaard, kapewa jua la dhahabu juu ya nyeusi. Mchezaji wa Poland hapewi nafasi ya kuchagua upande kwa kufuata tai tu.

Kuhusu rangi nitasema machache. Mafundi wa ngao walikuwa na kanuni: dhahabu na fedha ni metali, nyekundu, buluu, nyeusi na kijani ni rangi, metali haiwekwi juu ya metali, wala rangi juu ya rangi. Sababu yake ni macho. Shabiki wa Simba au Yanga haisomi nembo ya jezi akiwa jukwaani, rangi inamtosha, na kwenye ramani ndogo ya pembeni mwa skrini ni hivyohivyo. World of Warcraft, yenye makundi mawili hasimu ya Alliance na Horde, inalitumia hili vizuri sana: Alliance wana simba wa dhahabu juu ya buluu, kanuni imetimia. Bendera za Horde kwa kawaida ni nyeusi juu ya nyekundu, rangi juu ya rangi. Hawa hawakutoka kwenye kumbi za wapanda farasi wa kifalme, na jicho lako linalihisi hilo hata kama hujawahi kuisikia kanuni. (Bendera ya Albania nayo iko hivyo, na inapendeza.)

Ipo nembo moja kubwa isiyotokana na mnyama wala ukoo: nyota ya mishale minane ya Chaos, yaani nguvu za vurugu, katika Warhammer, gemu la mezani la Games Workshop la 1983. Michael Moorcock, mwandishi wa Uingereza, ndiye aliyeibuni miaka ya 1960 kwa ajili ya hadithi zake. Alichora pande nne za dira, akaongeza nne nyingine, ikawa mishale minane ya kila linalowezekana. Sheria, upande unaopingana na Chaos katika hadithi hizo, ilipewa mshale mmoja, njia moja ya hakika. Kwa mchoraji hiyo ni zawadi. Nyota ya Chaos unaweza kuichora kwa mifupa, kwa miali ya moto au kwa chuma kilichopinda, mshale mmoja mrefu na mwingine mfupi, na bado mtu ataitambua papo hapo. Mshale wa Sheria lazima upigiwe rula.