Kupishanisha nakala za skeli ndogo ili kupata skeli kubwa

Miongoni mwa njia za kuunda skeli za muziki, yaani safu za noti, ninayoitumia zaidi huanza na skeli ndogo iliyokwisha kukamilika. Unaichukua skeli hiyo, unatengeneza nakala yake iliyopandishwa kwa umbali mmoja usiobadilika, kisha unazichanganya noti zote ndani ya oktava (umbali wa noti hadi noti ya jina lilelile iliyo juu yake) kwa namna ambayo noti za nakala ya kwanza na za nakala ya pili zinapokezana kwa zamu. Umbali huo wa kupandishia nitauita kipandisho, na mapengo kati ya noti zinazofuatana nitayapima kwa senti, ambapo oktava ni senti 1200 na nusu toni ya piano ni senti 100.

Mfano mwepesi ni noti nne zinazoigawa oktava sawasawa: 0, 300, 600 na 900. Ukizipandisha kwa senti 100 na kuzipishanisha na zile za awali, unapata skeli ya noti nane ambayo mtunzi Mfaransa Olivier Messiaen aliiweka ya pili katika orodha yake ya modi, yaani skeli zake maalumu. Mtunzi Mmarekani Charles Ives naye, katika vipande vyake vya piano mbili vya miaka ya 1923 na 1924, alitumia noti 12 za kawaida pamoja na nakala yake iliyo umbali wa robo toni, yaani senti 50, zikawa noti 24.

Mambo huwa ya kuvutia zaidi pale skeli mama, yaani ile ndogo ya mwanzo, isipokuwa na mapengo yaliyo sawa. Chukua skeli ya noti tano inayopatikana kwa kurudiarudia uwiano wa mitetemo wa 3:2 (takriban senti 702) na kurudisha kila noti ndani ya oktava, yaani 0, 204, 408, 702 na 906, ambayo mapengo yake ni ya aina mbili tu, 204 na 294. Ipandishe kwa uwiano wa 10:9, ambao ni senti 182, nawe utapata skeli ya noti kumi: 0, 182, 204, 386, 408, 590, 702, 884, 906 na 1088. Kila noti ya nakala ya pili iko senti 182 juu ya noti ya kwanza iliyoizaa, kwa hiyo kinachobaki katika kila pengo la awali ni ama 22 ama 112. Kanuni yenyewe ni ya jumla: kipandisho kikiwa kidogo kuliko pengo dogo kabisa la skeli mama yenye mapengo ya aina mbili, skeli mpya haiwezi kuwa na zaidi ya aina tatu za mapengo.

Faida yake husikika mara moja. Skeli mama haina noti iliyo senti 386 juu ya mwanzo wake, bali ina 408, ambayo ni kali masikioni inaposhikiliwa pamoja na 0 na 702. Nakala ya pili inaleta 386, na hapo 0, 386 na 702 zinakuwa katika uwiano rahisi wa 4:5:6, unaotulia masikioni. Muungano wa namna hiyo unapatikana pia juu ya 204 na juu ya 702. Pengo la senti 22 wengine huliona ni takataka, lakini kwangu ndilo linalompa mwimbaji nafasi ya kuchagua kati ya 386 na 408 kulingana na noti zinazoambatana nayo.

Si kila kipandisho kinafaa. Ukichagua 250, ambacho kiko kati ya 204 na 294, noti za 0 na 204 zinafuatana bila noti ya nakala ya pili katikati, na upokezanaji unavunjika. Ukienda hadi 386 unarudi salama, kwa sababu umevuka pengo moja lolote la skeli mama bila kufikia mapengo mawili yanayofuatana, ambayo kwa uchache ni 408. Isipokuwa sasa unapata aina nne za mapengo: 22, 92, 112 na 182. Kwa hiyo mimi huchora kwanza maeneo salama ya kipandisho, ndipo nifikirie uwiano ninaoutaka.

Kuhusu nakala ya tatu, ninashauri tahadhari. Zile noti nne za mwanzo, zikiongezewa nakala mbili kwa senti 100 na 200, zinajaza noti zote 12 za piano, na sura ya skeli mama haisikiki tena.