Mtawa Mweusi wa Newstead na laana ya mali ya kanisa

Majumba mengi ya kale ya Uingereza yana mzimu wa mtawa. Si mzimu wowote tu: ni mtawa aliyefukuzwa kwake akakataa kuondoka. Kati ya 1536 na 1540 Mfalme Henry VIII alifunga nyumba za watawa zipatazo 800 na kutwaa mali zao. Ardhi nyingi iliuzwa kwa wakubwa, na baadhi yao wakahamia humo humo. Watu wakaanza kusema mali ya Mungu hailiwi bure, na laana hiyo ikapewa joho na miguu.

Nyumba ya watawa ya Newstead, karibu na Nottingham, ni mfano mzuri. Ilianzishwa na Henry II katika karne ya 12 kwa ajili ya watawa wa Mtakatifu Augustino, waliovaa joho jeusi. Ilifungwa 1539, na mwaka uliofuata Sir John Byron akainunua. Inasimuliwa kuwa watawa walitosa ziwani tai wa shaba aliyekuwa kinara cha kuwekea Biblia yao kanisani. Basi karne ya 18 tai huyo akaopolewa kweli, tumboni mwake mna hati za zamani! Leo yuko kanisa kuu la Southwell.

Mtawa Mweusi, mzimu wa Newstead, hahangaiki na wageni, anauandama ukoo wa akina Byron. Mrithi akizaliwa, yeye analia. Penye harusi, anapita chumbani kwa maharusi. Mchana nyumba ni ya bwana, usiku ni yake. Hivyo ndivyo mshairi Lord Byron, wa ukoo huo huo, alivyomchora katika shairi lake refu Don Juan, na inasemekana alidai kumwona kabla ya ndoa yake ya 1815, ambayo ilivunjika baada ya mwaka mmoja hivi tu. Binafsi simwamini sana. Huyu ndiye aliyegeuza fuvu lililofukuliwa pale Newstead kuwa kikombe cha divai. Mbwembwe alikuwa nazo.

Kilichowatoa akina Byron pale ni madeni, ambayo hayahitaji mzimu. Ndugu ya babu wa mshairi alikuwa ameshafyeka miti ya shamba ili apate fedha, na mshairi mwenyewe akaishia kumuuzia Thomas Wildman nyumba hiyo kwa pauni 94,500. Baadaye nyumba ilikuwa ya William Webb, rafiki wa David Livingstone, na mwaka 1874 ikawapokea Chuma na Susi, miongoni mwa walioubeba mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo.